Abiria wa Kwanza wa Zuhura

Jumamosi, mwezi wa sita. Kihonda. Kibaridi cha asubuhi kimeisha, jua la alasiri limelala barazani kama paka.

Leo anga la Morogoro lilinisubiri mimi. Sijisifu, naandika kilichotokea. Ndege nzima, yenye namba zake ubavuni na redio yake ndani, ilitoka Dar es Salaam asubuhi, ikatua kwenye uwanja wetu mdogo, ikazima injini na kukaa kimya ikimngoja mtu mmoja. Mawaziri wangapi wanangojwa hivyo? Mtu huyo ni mimi, Athumani, ambaye hapa mtaani wananiita Kapteni.

Naandika sasa hivi, kabla mambo hayajapoa, maana kijiweni kwa Shomari wameshaanza kuyasimulia kwa namna yao.

Nianze na Zuhura, ili asiyemjua amjue. Ni mtoto wa dada yangu Mwanaidi, anayeishi kwetu Matombo, upande wa pili wa milima. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akiposwa, mjomba. Akikosana na watu, mjomba. Baba yupo, tunamheshimu sana, lakini neno linatafutwa kwangu. Kwa hiyo Zuhura alipomaliza shule akasema anataka kurusha ndege, hawakwenda kwa mwalimu wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Waliniita mimi. Kikao kikakaa uani kwa dada, na mkungu wa ndizi ukawekwa mbele yangu.

Mjomba mwingine angeshtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu ndege nimefanya nazo kazi.

Hili naomba nilieleze vizuri. Nilipokuwa kijana, bado nina kiuno, nilipata kibarua kwenye mashamba ya mpunga kule bondeni. Miaka ile kweleakwelea, vile vindege wala nafaka, walikuwa wanakuja kama moshi. Wanashuka shambani, wakiinuka mnabaki na mabua. Ikaletwa ndege ya kupulizia dawa. Sasa rubani akiwa juu hajui vizuri aanzie wapi na aishie wapi, lazima chini pawe na mtu mwenye bendera. Mtu huyo anasimama mwisho wa shamba, anapeperusha, ndege inamjia usawa wa utosi, inapita, naye anasogea pembeni kidogo na kusimama tena.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikieni basi. Ule mlio unauhisi kwanza tumboni kabla ya masikioni. Mpunga wote unalala upande mmoja, halafu inakuja ile harufu ya dawa, kali, ya kukwaruza koo, na mimi nimesimama wima na kitambaa changu chekundu. Wenzangu walikuwa wanajitupa kwenye tope. Mimi sikujitupa. Siku moja injini ilianza kukohoa rubani akiwa hewani, nikamwelekeza kwa bendera mpaka akatua salama kwenye tuta la mfereji. Wapo wanaosema alitua mwenyewe. Hao hawakuwepo.

Mwisho wa mwezi nilikuwa napanda kwetu Matombo. Marehemu mama ananisimamisha mlangoni, ananivua shati kabla sijakanyaga ndani, analishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Dada Mwanaidi anacheka nyuma ya pazia. Halafu naogeshwa kama mtoto mdogo, kijana mzima, kwa maji ya moto yenye mchaichai, mpaka harufu itoke. Sijui kwa nini hilo nalikumbuka kuliko mshahara wenyewe.

Basi, kwenye kikao cha Zuhura niliyasema hayo yote, na mengine. Watu wamekaa kimya wananisikiliza, hata kuku wametulia, na utamu wa kusikilizwa ukanipanda kichwani. Mdomo ukaenda. Nikasema mtoto aende akasome, na siku atakapopata leseni, abiria wake wa kwanza ni mimi mjomba wake, atake asitake.

Kwetu mjomba akishatamka kikaoni, hakuna kurudisha. Ungeweza kumeza maneno yako baa, sokoni, hata mbele ya mkeo. Kikaoni hapana.

Dada Mwanaidi alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

“Vizuri, Athumani. Hiyo leseni ya kwanza akaichukue. Lakini nasikia baada ya hiyo ziko nyingine, za usiku, za mawinguni. Kabla hajaenda kwenye hizo, wewe upande naye. Ukishuka mzima, ndipo nitatoa radhi yangu au nitainyima.”

“Dada, unamwogopea nini mtoto?”

“Mimi naishi ndani ya ukungu, mdogo wangu. Kuna asubuhi namsikia mbuzi wangu analia na simwoni. Ukungu wa huku hausomi leseni ya mtu.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Zuhura akaenda. Na nyie mnaoona ndege inapita mkadhani ni kama kujifunza bodaboda siku mbili nyuma ya shule, kaeni mnisikilize, maana masomo yale mimi nayajua kichwani.

Kwanza unapelekwa kwa daktari wa marubani. Sio daktari wa kukuandikia dawa ya malaria. Huyu anakupima macho, masikio, moyo, anakuuliza hata kama uliwahi kuzimia utotoni. Ukiwa hujatimiza miaka kumi na saba, leseni hupewi. Kisha darasani: sheria za anga, hali ya hewa, kusoma ramani na dira, namna bawa linavyobeba uzito. Liko somo moja linahusu mwili wa binadamu unavyomdanganya mwenyewe, na hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Zuhura alinieleza kwamba ukiingia kwenye wingu bila mafunzo, masikio yako yanakuapia umenyooka, kumbe umelala ubavu unakwenda chini. Unakufa ukiwa na uhakika.

Halafu angani. Saa arobaini si chini ya hapo, na wengi huzidisha. Unaanza na mwalimu pembeni, unapaa, unatua, unapaa, unatua, mpaka unaota unatua. Siku moja mwalimu anafungua mlango, anashuka, anasema nenda peke yako. Siku hiyo Zuhura alinipigia simu akilia. Alisema kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na ndege ikawa nyepesi mpaka ikaruka kabla hajaitarajia. Baadaye anatumwa safari ndefu peke yake, atue viwanja vingine, arudi. Mwisho anakuja mtahini, anakaa pembeni kimya kama mkwe, na mkiwa juu anashusha nguvu ya injini anasema: injini imekufa, unatua wapi?

Sehemu kubwa ya mafunzo hayo nilimpa mimi kwa simu. Alikuwa ananisomea maswali jioni, anajibu mwenyewe, mimi nasikiliza. Jibu likinitia shaka naguna. Nikiguna, anarudi kitabuni anajisahihisha. Huo ndio ualimu.

Akaipata. Leseni ya binafsi. Inamruhusu kubeba ndugu na marafiki bila kulipwa, mchana, na mbali na mawingu. Usiku una mafunzo yake. Kurusha ndani ya wingu kwa kutazama vyombo tu kuna mafunzo yake. Injini mbili vilevile, na kulipwa mshahara kwa kurusha ni leseni nyingine kabisa. Yeye anataka kwanza hiyo ya mawinguni. Chuo kikamwambia Jumatatu hii aseme kama anaendelea au nafasi yake apewe mwingine.

Alinipigia katikati ya wiki.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mama.”

“Jumatatu lazima niwajibu. Na bila radhi ya mama siendi, unanijua. Nimeazima ndege ya chuo Jumamosi. Nakuja kukuchukua, tunazunguka mlima, tunapita juu ya nyumbani mama atuone, tunarudi. Ila mapema, Mjomba. Mawingu ya upande ule yanapanda mapema.”

Nikamwambia asihofu, mimi na anga tunajuana.

Basi leo. Nimeamka kabla ya adhana. Shati la mikono mirefu nimelipiga pasi, nikaliona lina mkunjo, nikalipiga tena. Nikakumbuka viatu, nikavipiga rangi. Nikapita kwa Shomari, fundi wa pikipiki hapa njia panda, kuaga tu, kwa adabu.

“Kapteni,” Shomari akasema bila kuinua kichwa kwenye mnyororo wa pikipiki, “leo unapanda kweli, au unaenda kuwashikia bendera?”

“Shomari, wewe ungezaliwa na mabawa ungeyauza vipuri.”

“Ningeuza. Ila ningeyajaribu kwanza.”

Kijiwe kizima kikacheka, na mimi siwezi kumwachia mtu neno la mwisho, nikakaa kidogo. Nikaeleza ile ya injini iliyokohoa. Mmoja hakuwa anaijua, nikairudia. Nilipofika uwanjani jua lilikuwa limeshapanda vizuri na Zuhura amesimama kando ya ndege, mikono nyuma, anatazama milima. Hakunilaumu. Alinisalimia, akanipokea kofia, akatazama milima tena.

Nikaomba tupige picha. Mbili tatu. Moja nimeshika bawa.

Lazima niseme ndege nilitegemea kubwa kidogo. Mlango wake ukifungwa unatoa sauti ya kabati la vyombo. Zuhura akaniuliza uzito wangu, nikamtajia. Akanitazama tumbo, akatabasamu, akatumia hesabu yake mwenyewe. Akaizunguka ndege yote kwa mkono, akagusa huku, akatikisa kule, akatoa mafuta kidogo kwenye kichupa cha kioo na kukiinua juani kuona kama yameingiliwa na maji. Nikamwona dada Mwanaidi mwenyewe, anavyoinua chupa ya mafuta ya nazi sokoni kabla hajakubali bei. Kidole kilekile, jicho lilelile limefinywa.

Nikafungwa mkanda. Nikavalishwa hedifoni. Akaniambia akiongea na redio nisimsemeshe. Injini ikanguruma, na ule mlio ukaingia tumboni kwanza, kabla ya masikioni, vilevile kama zamani.

Tukapaa.

Sasa niandike nilichokiona, maana wengi wataniuliza.

Niliona Msamvu, mabasi yamelala kama miche ya sabuni kwenye rafu ya duka. Niliona milima inakuja, mikubwa, ya kijani kibichi inayokaribia weusi, na njia yetu ya zamani inapanda kwa kujinyonga, ile tuliyoshuka nayo alfajiri tukiwa na mikungu kichwani, baba mbele na taa ya chemli, mimi nyuma nikifuata visigino vyake. Niliona kijito tulichofulia, na lile jiwe bapa ambalo dada alilipigia nguo mpaka likawa na shimo. Niliona Matombo. Nyumba yetu, paa la nyasi, moshi unatoka jikoni taratibu bila haraka ya kwenda popote. Pilipili manga imeanikwa juu ya mkeka. Na mtu amesimama uani, kanga kifuani, ameinua uso, mkono umeziba jua.

Umri huu, nimezoea kuiona nyumba ile kwa kupanda, huku napumua kwa shida. Sikuwahi kufikiri nitaijia kwa juu, kama mvua.

Katikati ya hayo Zuhura alisema kitu kwenye hedifoni. Nikainua kidole gumba.

Tukatua. Magurudumu yaligonga mara moja, yakagonga tena polepole, tukasimama. Nilishuka kwa heshima zote. Hata sijakaa sawa, simu ikalia. Dada Mwanaidi.

“Mmeshuka?”

“Tumeshuka wazima, dada. Na nimekuona. Umesimama uani na kanga. Nimeliona na paa letu la nyasi, nimeona mpaka pilipili kwenye mkeka.”

Nikasikia kigoda kikiburutwa.

“Athumani. Paa la nyasi tuliliondoa mama akiwa hai. Bati lile wewe mwenyewe ulilibeba.”

“Dada, kwa juu vitu...”

“Na hamkuja huku. Tangu asubuhi ukungu umekaa mpaka kwenye migomba. Nimesikia mlio mbali, nyuma ya mlima, halafu ukageuka. Mpe Zuhura simu.”

Nikampa. Akaweka sauti ya nje, kwa adabu, ili nami nisikie. Mtoto alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Jumatatu ilikuwa imesimama mbele yake.

“Mama, shikamoo. Niligeuza. Nilipofika begani mwa mlima niliona upande wa nyumbani umefunga wote. Siruhusiwi kuingia kwenye wingu, na hata ningeruhusiwa, bado sijui. Nisamehe, najua ulikuwa unatusubiri uani.”

“Sikuwa nasubiri. Nilikuwa naomba msije. Na mjomba wako? Hakukwambia pitia hapo kuna mwanya, mimi nayajua mawingu haya tangu utoto?”

“Hapana, mama. Nilimwambia nageuza, akainua kidole gumba.”

“Athumani alinyamaza?”

“Ndiyo, mama. Hakusema neno hata moja.”

Nilimsikia dada akivuta pumzi. Huko nyuma yake jogoo aliwika, na kuna mtu alikuwa anatwanga.

“Sikiliza, mwanangu,” akasema. “Mimi wingu naliogopa, lakini nilichokiogopa zaidi ni wewe kuingia humo ili watu wasiseme umeshindwa. Na nilijua kama yuko mtu wa kukusukuma uingie, ni huyo mjomba wako na mdomo wake. Ndiyo maana nilitaka apande. Kama umeweza kugeuza Athumani akiwa humo ndani, umekomaa. Nenda ukasome hiyo ya mawinguni. Radhi yangu unayo.”

Zuhura aliinama akashika bawa, akalia hapohapo kwenye nyasi, na mimi nikageuka kuangalia milima ili nimpe nafasi. Upande ule, kweli, juu palikuwa peupe pote, kama mtu amefunika chungu kwa kitambaa.

Kabla ya kukata, dada aliniomba nirudi kwenye simu.

“Mdogo wangu, leo umenistaajabisha. Asante kwa kunyamaza.”

Hajawahi kuniambia hivyo tangu tuzaliwe. Tangu tulipokuwa tunagombania ukoko wa wali kwa mama, hajawahi kunishukuru kwa kunyamaza.

Zuhura akaniaga, akapaa peke yake kurudi Dar, na nilisimama pale mpaka mlio ukaisha. Nilitamani kuwa na kitambaa chochote mkononi. Kisha nikarudi Kihonda, na habari ilikuwa imeshafika kabla yangu, dada alikuwa ameshampigia mke wangu. Shomari mwenyewe aliniletea kiti. Mke wangu kanikaangia samaki bila kuombwa. Wanasema Kapteni ni mtu mzima, Kapteni kaona hatari akamwachia rubani kazi yake, wangapi wangeweza hivyo. Jirani mmoja kasema nina busara. Nimeinamisha kichwa, nikakubali.

Lakini tangu nikae hapa barazani nafikiria lile paa. Bati nililibeba mimi, ni kweli, na siku ile mama alikaa nje mpaka jioni hataki kuingia, anasema nyumba imekuwa na kelele. Nilishalisahau lile paa la nyasi. Miaka yote hii silikumbuki, leo nikaliona mpaka ncha zake zinazodondosha umande, nikamwona na aliyesimama uani, na sasa najua hakuwa dada, alikuwa mama. Sijui nimshukuru nani kwa hilo. Jumatatu Zuhura atawajibu chuo, atajifunza kupita ndani ya wingu, na siku moja atataka kunipeleka kweli mpaka Matombo. Nitapanda. Nimeshatamka.

Sasa hili naliandika hapa chini kabisa, ambapo Shomari hasomagi kufika. Sikunyamaza kwa busara. Macho niliyafumba tulipoachana na ardhi, nikayafumbua magurudumu yalipogonga, na kile kidole gumba nilikiinua nikidhani mtoto ananiuliza kama nasikia baridi.